Mtungi Mmoja kwa Vyumba Viwili

Nilikuwa nimeshaipa kisogo nchi niliyotoka, kifurushi begani na viatu mkononi, pale mtu aliyekuwa akinisindikiza aliponiuliza safari hii naelekea wapi. Nikamwambia nitajua nikifika. Akacheka, akarudi zake. Njia sitaisimulia, maana njia zote ni vumbi na maumivu ya magoti. Naanzia nilipofika, Nyumbakuu.

Nyumbakuu ni nchi iliyo chini ya paa moja. Haina raia. Kila aliyemo ni mgeni, hata yule aliyezaliwa humo akazeekea humo. Mwenye nyumba anaitwa Mwenyeji, na sikukutana na mtu yeyote aliyepata kumwona. Amri zake huletwa na Wapimaji, nao hupita kwenye korido za nyuma ambazo wageni hawaruhusiwi kuzikanyaga.

Mlangoni nilipokewa na Mpimaji aitwaye Tegemeo, mtu mnene mwenye sauti ya upole, mizani imemning'inia begani kama mkoba.

"Umekuja na kumbukumbu zozote, mzee wangu?"

"Ninazo za kutosha."

"Ziko wapi?"

"Kichwani."

Akanitazama kwa huruma. "Za kichwani hatuzihesabu," akasema. "Pita tu. Ila zikimwagika ndani, kufagia ni juu yako."

Nilidhani anatania. Baadaye nikaelewa kwamba watu wa nchi ile kichwa chao hakishiki jambo kikalala nalo. Akiamka asubuhi, mtu wa Nyumbakuu ni bakuli lililooshwa. Majina yanabaki, kazi ya mikono inabaki, njia ya chooni inabaki. Ya moyoni ndiyo yanayotoka. Kwa hiyo kila jambo analotaka kuwa nalo kesho hulisemea mtungini kabla ya kulala, akafunika. Akiamka anafunua, anaweka sikio, mtungi unamrudishia. Sauti ya mtungi ni ya mtungi, nzito na ya mbali. Haifanani na ya mwanamume wala ya mwanamke.

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba kila mgeni hupewa chumba kimoja na kuambiwa kuwa chumba hicho ndicho nyumba nzima, na kwamba ni yeye peke yake aliyealikwa. Wanaamini. Wakisikia mtu akikohoa ng'ambo ya ukuta, wanasema nyumba inacheua. Neno jirani hawalijui. Nilipolitumia waliniuliza ni mnyama gani.

Halafu kuna ahadi ya rafu. Kila mgeni ameahidiwa ghala la mitungi lisilojaa. Nilikuwa nimekwisha chungulia ghala la nyumba nzima kutoka korido ya nyuma, na kwa macho yangu haya mabovu niliona haliwezi kutimiza hata robo ya ahadi hizo. Nikamuuliza Tegemeo.

"Mzee, hakuna mgeni anayejaza rafu zake zote," akanijibu. "Kwa hiyo tunaweza kumwahidi kila mtu zote."

"Na siku wakizijaza wote pamoja?"

"Hawajawahi."

"Nauliza wakijaza."

"Nami nakujibu, hawajawahi."

Chumba nilichofikia kilikuwa cha Bi Sikitu, mama wa makamo, mkaangaji wa maandazi, mwenye ulimi wa kuchoma kama mafuta yake. Alinipokea kwa kuwa niliweza kupepea moto bila kulalamika. Kila asubuhi aliniuliza mimi ni nani, akafunua mtungi mdogo karibu na mlango, akasikiliza, akasema, "Aa, wewe ndiye yule babu mla bure." Ndivyo alivyonisemea mtungini, na sikuweza kumfanya abadilishe.

Kwenye kona ya ghala lake aliishi Puto. Huyo ni mfuko wa ngozi ulioletwa na Wapimaji wakamwomba amtunzie Mwenyeji. Puto hali, hasemi. Huvimba tu. Mwenyeji akihitaji nafasi mahali pengine, Puto wa Bi Sikitu huvimba, naye Bi Sikitu huanza kuhamisha mitungi yake, akitoa mingine nje, huku akijilaumu.

"Nimekuwa mchafu siku hizi," aliniambia akisukuma mtungi wa harusi ya dada yake mlangoni uchukuliwe. "Ona nilivyojaza mavitu."

"Hujajaza wewe. Huyo Puto ndiye amevimba."

"Usimseme Puto. Yeye ni mgeni."

Wapimaji hawanyang'anyi watu, basi. Huwaletea mgeni anayekua.

Na kulikuwa na shubaka. Kila chumba kina tundu ukutani lenye mlango wa mbao, linaitwa Kinywa cha Mwenyeji. Kitu unachotaka kumpa Mwenyeji unaweka humo, na kitu utakachokikuta humo ni zawadi yake. Bi Sikitu aliweka maandazi. Alikuta miiko ya mbao, imechongwa vizuri sana, mishikio yake ina vidole vidogo vya kuning'inizia. Akiweka sahani juu ya kitu kilichokuwamo, kile cha kwanza hufutika. Ndiyo sheria ya shubaka, aliyeweka mwisho ndiye aliyeweka. Mara nyingi alikuta maandazi yake yamegeuka kuwa mwiko kabla hajafunga mlango, akasema Mwenyeji ana njaa ya haraka.

Jioni ya kwanza alinisimulia habari ya mwanawe, Tunu. Mtungi wake ulikuwa kwenye rafu ya juu peke yake, na alikuwa akiusikiliza kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Aliuteremsha, akaweka sikio, akawa ananirudia maneno kadiri yalivyokuja. Tunu alikuwa na homa. Kulipokucha aliomba apelekwe uani aone sisimizi, akaketishwa juu ya kinu kilicholazwa. Alikuwa na kovu la moto kwenye kifundo cha mkono, aliloungua kwa mfuniko wa sufuria. Sisimizi walikuwa wamebeba mayai yao. Akasema, "Mama, wanahama." Hakusema tena neno lingine. Bi Sikitu alifunika mtungi, akanitupia andazi la baridi. "Kula," akasema. "Usinitazame hivyo."

Wapimaji huja mchana, watu wakiisha kula na kulala. Mimi usingizi wa mchana sijauzoea. Nilikuwa nimejinyoosha mkekani nikamwona Tegemeo anaingia kwa mlango wa nyuma wa ghala. Alitwaa mtungi wa Tunu, akautia kwenye mizani. Upande wa pili alitia mtungi mwingine, aliokuja nao. Mizani ikalala sawa. Akaigonga yote miwili kwa kifimbo, akasikiliza mlio. Kisha akatoa ubao wa nyuma wa ile rafu ya juu, rafu ikabaki haina mgongo, wazi mpaka ng'ambo, akaacha mtungi mmoja pale katikati, mwingine akaukumbatia akaondoka nao.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Napanga rafu, mzee. Lala."

Siku zilizofuata Bi Sikitu alisema mtungi wa Tunu umeanza kuwa na joto asubuhi, kama uliowekwa sikio na mtu mwingine sasa hivi. Alifurahi. Alidhani ni mtoto.

Kisha asubuhi moja alikuwa anakanda unga, ametoka kusikiliza, akawa anasema tu, bila kunitazama: "Maskini mwanangu. Na ule muwa mdomoni. Nilimmenyea muwa, babu, akautafuna kidogo, nikampigia mluzi mpaka akalala nao mdomoni."

"Muwa upi?"

"Muwa alioomba."

"Na sisimizi?"

"Sisimizi wa nini? Wameingia kwenye sukari?"

Nikaacha kupepea. "Bi Sikitu, hebu piga mluzi."

"Una wazimu."

"Piga tu nisikie."

Akakunja midomo, imejaa unga. Ukatoka upepo mtupu. Akajaribu tena. Upepo. Akajifuta mdomo kwa mkono, akajaribu mara ya tatu, na safari hii alikuwa ameshaacha kunicheka.

"Mimi sijui kupiga mluzi," akasema.

Akarudisha mikono kwenye unga. Papo hapo, ng'ambo ya ukuta, nyumba ikapiga mluzi. Ulikuwa mluzi mwembamba, wa kumlaza mtoto.

Bi Sikitu alikwenda kwenye shubaka, akafungua mlango, akatia kichwa chote ndani.

"Nani huyo?"

Mluzi ukakatika. Halafu sauti ya mwanamume, yenye woga: "Mwenyeji?"

"Mwenyeji gani! Mimi ni Sikitu, nimo nyumbani mwangu."

"Nyumbani mwako wapi? Nyumba hii yote ni yangu. Mimi ni Masengo, mchonga miiko."

"Miiko yenye vidole?"

Sauti ikasogea karibu. Kisha: "Wewe ndiye maandazi?"

Walikuwa wamelishana miaka na miaka, kila mmoja akimshukuru mtu asiyekuwapo. Ningependa kusema walifurahiana. Bi Sikitu alimwuliza kama ana mtoto, na Masengo akasema alikuwa naye mvulana, Kitwana, alikufa kwa homa alfajiri, ana muwa mdomoni, na kwamba mtungi wake siku hizi anaukuta una joto. Nikamnong'oneza Bi Sikitu niliyomwona Tegemeo akiyafanya mchana ule.

"Huo mtungi ulipo palikuwa pangu," Bi Sikitu akasema.

"Upo kwenye rafu yangu, bibie."

"Chungulia nyuma ya rafu yako uone."

Nilimsikia akihangaika, akavuta kitu, akatweta. Aliporudi kinywani sauti yake ilikuwa imebadilika. "Usimguse mwanangu," akasema.

"Mwanao amekaa mahali pa mwanangu."

"Sikumweka mimi."

"Najua hukumweka wewe. Lakini amekaa."

Walipelekana mbele ya Baraza la Nafasi, na huo ulikuwa mkasa wenyewe, kwa kuwa Baraza halikuwa na ukumbi wa kukutanisha wageni wawili. Kwa sheria hawapo wawili. Ikabidi kila mmoja abaki chumbani mwake, wazee wa Baraza wakae koridoni katikati, na maneno yapelekwe huku na huku na Tegemeo. Mimi niliachwa nisimame koridoni. Sikuhesabiwa kuwa mgeni wala kitu.

Tegemeo alieleza bila kona. Mitungi hiyo miwili ilikuwa na uzito mmoja na mlio mmoja. Mtoto, homa, alfajiri, mzazi. Kuiweka yote miwili ni kutumia nafasi mara mbili kwa jambo moja.

"Si jambo moja," Bi Sikitu alipaza sauti mlangoni. "Wangu alikuwa msichana."

"Mizani haikuonyesha hilo," Tegemeo akasema.

Mzee mmoja wa Baraza, mwenye kofia ya ukindu, alisema angependa kufahamu malalamiko yenyewe. "Mama huyu alikuwa na mtoto aliyekufa. Leo ana mtoto aliyekufa. Ametoa nini? Amepoteza nini?"

Mwingine akasema Mwenyeji amewapunguzia mzigo, maana msiba uliokuwa wa kubebwa na kila mtu peke yake sasa unabebwa na wawili. Wa tatu alikuwa mkali: akauliza iweje wageni wamejua kwamba wako wawili, na nani ameacha shubaka wazi. Walibishana juu ya shubaka mpaka wakasahau mtoto. Ndipo nikasema kwamba mtungi uliochukuliwa ulikuwa na sisimizi, kinu na kovu la moto, na kwamba huu uliobaki una muwa.

"Umejuaje?" mwenye kofia akauliza.

"Alinisimulia. Ninakumbuka."

"Wapi?"

Nikagusa kichwa. Wakaangua kicheko cha adabu, kile cha kumcheka mtu mzima aliyejikojolea.

Bi Sikitu aliuliza kama mtungi wake unaweza kurudishwa. Ulikwisha oshwa, wakamwambia. Una pilipili sasa. Akauliza kama anaweza kupewa mwingine autie habari yake upya. Wakasema mtungi mpya hutolewa kwa jambo jipya, na mtoto huyu si jambo jipya. Lakini iko haki moja, akasema mwenye kofia, na Mwenyeji haivunji kamwe. Kumbukumbu ya pamoja ni ya kusikilizwa tu. Mgeni akiigusa, akibadilisha hata neno moja, basi hailingani tena na ya mwenzake. Hapo hutolewa nakala nzima, akabadilisha humo, ikawa yake peke yake daima. Ile ya mwanzo hubaki kwa yule ambaye hakugusa.

"Kwa hiyo nikitaka awe wangu," Bi Sikitu akasema polepole, "sharti nimwongopee."

"Umrekebishe," akasema mwenye kofia.

Tuliporudi chumbani aliketi juu ya gunia la unga. "Babu," akaniambia, "kichwa chako hakimwagiki. Niambie tena."

Nikamwambia. Homa, uani, kinu, sisimizi wamebeba mayai. Kovu la kifundo. "Mama, wanahama." Alinirudisha nyuma mara nyingi. Kovu lilikuwa mkono gani? Nikasema wa kulia. Una hakika? Nikasema nina hakika. Nguo alivaa ya rangi gani? Hilo hakuwa ameniambia. Akanitazama kama niliyemwibia.

Akapanda kigodani, akaushika mtungi wa rafu ile isiyo na mgongo, akasemea humo: "Mama, wanahama." Papo hapo Tegemeo aliingia na mtungi mwingine, amefuata sheria, hakumkemea. Wakamimina humo kwanza kila kilichokuwamo kwenye ule wa pamoja: muwa, mluzi, mkono wa baba. Kisha juu yake Bi Sikitu akaongeza sisimizi, kinu na kovu. Kupunguza kulikuwa na sheria yake: neno moja kwa siku, lipimwe, lipitishwe. Hivyo asubuhi iliyofuata mtungi ulimrudishia msichana aliyeketi juu ya kinu, muwa mdomoni, anatazama sisimizi, huku mama yake asiyejua mluzi akimpigia mluzi.

Alilia, lakini aliniambia, "Nitamtoa huyo mvulana kidogo kidogo. Nitaanza na muwa."

Masengo aliyasikia hayo kwenye shubaka. "Mtoe taratibu," akasema. "Ana usingizi mwepesi."

Habari ilipita, kwa kuwa kila chumba kina shubaka na kila shubaka lina upande wa pili. Watu wakatoa mbao za rafu wakakuta hakuna mgongo. Wakagundua kwamba sikukuu zao, vipigo vyao, nyimbo za mama zao, vilikuwa vya pamoja na watu wasiowajua, na kila mmoja akataka chake. Wakaanza kugusa. Mmoja aliongeza ng'ombe kwenye harusi yake. Mwingine alimfanya baba yake kuwa mrefu. Mwingine, kwa kukosa la kubadilisha, alisema siku ile ilinyesha mvua. Kila uongo ulileta mtungi mzima. Tegemeo na wenzake walikimbia na mitungi mpaka mizani ikawachubua mabega, na maputo ya vyumba vyote vya Nyumbakuu yakavimba kwa pamoja, na watu wakawa wanatupa nje kumbukumbu za kweli ili kupisha zile walizoongopa.

Nilimkuta Tegemeo koridoni, ameegemea ukuta.

"Wamejaza," nikamwambia.

"Hawajawahi," akasema, kwa mazoea tu, hata hakunitazama.

Ghala likijaa, Nyumbakuu ina sheria ya mwisho, nayo haina baraza. Anatafutwa aliyechukua nafasi kubwa kuliko wote, na anaondolewa yeye pamoja na chumba chake chote, ili waliobaki wapumue. Hawamwulizi. Hapimwi kwa alichofanya. Kwa kuwa mitungi ya pamoja huandikiwa upande wa yule ambaye hakugusa, wale waliobadilisha, wakatupa za kweli, walionekana wembamba, na yule ambaye hakubadilisha neno alionekana kama ndiye amebeba nyumba nzima.

Masengo hakuwa amegusa kitu. Hakutaka kumwongopea mtoto.

Nilikuwapo Bi Sikitu alipofungua shubaka kuweka maandazi na kukuta upande wa pili kuna ukuta mpya, chokaa yake bado mbichi. Aliita. Akaita kwa jina. Kisha akaenda kwenye rafu yake ya juu, na nyuma yake nako kulikuwa na ukuta.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa zamu ya kuutoa muwa, iliyokawia kwa mbio za mitungi. Tegemeo alikuja na mizani yake kupima neno. Bi Sikitu alimwambia aondoke.

Niliondoka kabla ya kuulizwa tena kichwa changu kina nini. Yaliyowapata ndiyo haya, kwa jinsi nilivyoyaona na nilivyoyasikia kwa wapitaji. Tegemeo alipandishwa cheo kwa kuiokoa nyumba. Mzee mwenye kofia ya ukindu alijiongezea hekima nyingi katika mtungi wa siku ile ya Baraza, na sasa anakumbuka kwamba alimtetea mama. Mahali pa Masengo ameingizwa mgeni mwingine, ameambiwa nyumba yote ni yake. Puto yupo. Masengo hayupo popote, na Kitwana wake hayupo ila ndani ya mtungi wa Tunu. Mimi nina wote wawili kichwani, nazeeka, na lile kovu sasa naliona mkono wa kushoto. Bi Sikitu anakaanga maandazi. Nilimwacha juu ya gunia la unga anajifunza kupiga mluzi. Ulikuwa bado unatoka upepo.